Keki ya Meli na Picha ya Mama Mkwe

Leo sina pa kuuficha uso. Niko chooni, mlango nimeufunga kwa ndani, na sitoki mpaka nimalize kuandika. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaletewa video. Iko njiani. Imeshafika Yeoville, mtaa wa watu wa kwetu hapa Joburg, na jambo likifika Yeoville kabla jua halijazama, kesho asubuhi Bukavu wanalinywea chai.

Nianze mwanzo. Msinikimbize.

Kwa wasionijua humu: mimi ni fundi cherehani, mke wa Didier, mama wa Grace. Tunakaa Turffontein, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, pamoja na mama yake Didier, Mama Veronika. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa Bukavu ya zamani. Msafi, mnyoofu, maneno machache, macho mengi. Hajawahi kunitukana hata siku moja. Tatizo lake na mimi ni moja tu, na amelisema mbele za watu mpaka limekuwa kama jina langu la pili: "Mkwe wangu ni mchapa kazi, lakini ana jicho kavu."

Maana yake silii. Baba mkwe alipofariki mimi nilikuwa jikoni nawapikia waombolezaji, na mtu anayesonga ugali wa kanisa zima hana mkono wa kupangusia machozi. Mama akaona jicho kavu. Tangu siku ile anaamini simpendi. (Nampenda. Ila upendo wangu hutokea mikononi, machoni haufiki.)

La pili mnalopaswa kujua: mimi ni mtu wa wasiwasi. Wa kuzaliwa nao. Nikishafunga mlango narudi kuusukuma. Nikishausukuma naenda zangu, halafu namtuma Grace akausukume. Wanasema wasiwasi ndiyo akili, na mimi nimejifariji na msemo huo maisha yangu yote, mpaka leo mchana.

Sasa. Mama anatimiza miaka sabini. Didier na ndugu zake wakaulizana tumpe nini, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema: tumpeleke Misri. Kwa sababu tangu nimjue, Mama akisoma Biblia hukwama Misri. Yusufu aliuzwa huko. Musa alielea ndani ya kikapu huko. Maria alikimbilia huko na mtoto mgongoni. "Inchi gani hii," husema akivua miwani, "kila mutu anapita kule, miye tu hapana."

Na kuna meli, nikawaeleza, zinazotembea kwenye Mto Nile kutoka Luxor mpaka Aswan. Meli yenye vyumba vya kulala na chakula humo humo. Kila siku inasimama penye hekalu la kale, mnashuka, mnatazama, mnapanda tena. Magoti ya Mama hayatembei mbali siku hizi. Basi meli itatembea kwa niaba yake, na mto ni ule ule wa Musa.

Wote wakapiga makofi. Kisha wakaniachia mipango yote mimi.

Miezi minne sijalala vizuri. Kwanza, Mama anaogopa maji. Alipokuwa msichana alivuka Ziwa Kivu kwenda Goma, mawimbi yakawapiga njia nzima, na alipokanyaga nchi kavu aliapa kwamba hatapanda tena chombo kisicho na magurudumu. Kwa hiyo nikampigia dada wa wakala wa safari kumwuliza kama mto ule una mawimbi. Akasema hauna. Kesho yake nikampigia kumwuliza kama ana uhakika. Nikamwuliza mamba. Akasema mamba wako upande wa juu wa bwawa la Aswan, hawafiki chini. Nikamwuliza ukuta wa bwawa una unene gani. Nikamwuliza ngazi za mahekalu zina vya kushikilia? Nikamwuliza melini wanapika ugali? Ikafika siku nikapiga simu, na kabla sijasema hata alo, dada akasema, "Mama Grace, leo ni nini?"

Pili, mchungaji. Mahekalu yale yalijengwa na akina Farao kwa ajili ya miungu yao, na mchungaji wetu si mtu wa mchezo katika mambo hayo. Akikuta kisanamu cha tembo juu ya televisheni yako anakiombea kitoke. Nilikuwa namsikia kabisa kichwani, jinsi atakavyosema madhabahuni: "Mungu aliwatoa watu wake Misri kwa mkono wenye nguvu, ninyi mnarudi kwa nauli yenu?" Na Mama akisikia mchungaji amekataa, basi. Hapandi kitu. Na mimi nitabaki kuwa mkwe mwenye jicho kavu aliyetaka kumpeleka kwenye masanamu akaliwe na mamba.

Hivyo nikaamua iwe siri. Mama asijue, mchungaji asijue, mtu yeyote asijue, mpaka siku ya sherehe, tiketi zikiwa mkononi. Grace, ambaye amezaliwa hapa hapa Joburg, alifurahi sana. "Ni sapraizi, Mama. Watu wote wanakusanyika, yeye hajui, akiingia wanapiga kelele."

Kwetu hatuna kitu hicho. Kwetu jambo zuri hutangazwa na ngoma, na linalofichwa ujue ni baya. Hilo ndilo nililopaswa kulikumbuka. Sikulikumbuka.

Basi leo. Asubuhi wifi yangu Sifa, dada yake Didier, alikuja kumchukua Mama kumpeleka Yeoville akasukwe. Nilimnong'oneza asimrudishe mapema. Halafu nikamwomba Mama simu yake eti niichaji, nikaizima, nikaitia kwenye droo ya cherehani. Hapo hakuna mpiga soga atakayeweza kumpigia akaivujisha siri. (Akili, sivyo?)

Kisha nikawaandikia wanawake wa kanisa. Ujumbe ule niliupima neno kwa neno. Ulisema: "Mama zangu, amani ya Bwana. Leo saa tisa naomba mfike kwetu, ni kwa ajili ya Mama Veronika. Vaeni kitenge cha kikundi. Tafadhali msimpigie simu. Tutawaeleza mkifika." Nikausoma tena na tena nikitafuta kama kuna siri iliyopenya. Haikuwepo. Nikautuma.

Kitenge cha kikundi ni cha buluu. Tunakivaa kwenye harusi, kwenye sikukuu ya mavuno, na kwenye vilio.

Nilihofia mvua, kwa hiyo niliazima hema jeupe la kanisa na viti vya plastiki. Nilihofia nafasi, kwa hiyo nilitoa makochi nje na kutandika mikeka sebuleni, maana mama wengi migongo yao haipatani na viti vya plastiki. Na picha je. Picha ndiyo niliyojivunia kuliko vyote. Kuna kijana wa studio kule Rosettenville, nilimpelekea picha ya Mama ya Pasaka, yenye gauni jeupe, nikamwambia amsimamishe kwenye hekalu la Luxor, ili akiingia ajione ameshafika. Kijana alifanya kazi. Mama kasimama katikati ya nguzo kubwa zinazopanda mpaka juu, mwanga wa dhahabu unatoka nyuma yake, na mawingu kidogo miguuni (sikuyaomba, aliongeza mwenyewe). Aliniuliza jina kamili na mwaka wa kuzaliwa. Nikampa, maana ni sherehe ya miaka sabini. Akaandika chini kwa herufi za kumeremeta: jina la Mama, mwaka aliozaliwa, kistari, na mwaka huu. Nilihesabu kichwani, nikaona sabini imetimia. Nikamshukuru.

Nikaisimamisha mbele ya hema. Nikaizungushia maua, na juu ya maua taa ndogo ndogo. Mchana umeme ukakatwa, zamu ya mtaa wetu. Taa zikafa. Simu yangu nayo ikazimika. Picha ikawa gizani chini ya hema, nikasikitika. Nikaingia ndani, nikatoka na mishumaa miwili mirefu, myeupe. Nikaiwasha mmoja huku, mmoja huku.

Rafiki zangu, rudini juu msome tena. Hema, viti, makochi nje, mikeka chini. Picha, maua, mishumaa. Simu ya mwenyewe haipatikani. Ninyi mmeshaona. Mimi sikuona. Mimi nilikuwa nawaza mamba.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Aksanti, jirani yetu na mwenyekiti wa kikundi. Alisimama getini, akaitazama picha, akaziba mdomo kwa mkono. Nikatoka mbio jikoni, aproni kiunoni, sinia la sambusa mkononi, meno yote nje.

"Karibu, Mama Aksanti. Umewahi. Ingia ule."

Alinikumbatia na sambusa zangu. Mwili mzima ulikuwa unamtetemeka. Nikasema moyoni, kumbe picha imependeza kiasi hiki.

"Ni ya leo?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Ya leo. Asubuhi ndiyo tumemaliza kila kitu."

"Na hamukutuita?"

"Ilikuwa siri. Hata mwenyewe hajui."

Aliitazama picha tena. Kisha akavua viatu, akaenda kukaa mkekani. Nami nikarudi jikoni kwenye mafuta yangu juu ya gesi, naimba.

Sasa niwaeleze wale wasio wa kwetu. Kwetu, kwenye kilio, huulizi mlangoni. Kuuliza mlangoni ni kukosa adabu. Unaanza kulia tangu getini, unaingia ukilia, unajitupa chini kati ya waliokutangulia, unalia nao. Ukishachoka, ndipo unamgeukia wa jirani na kumwuliza kwa upole nani amekufa, na ilikuwaje. Hivi ndivyo tulivyolelewa.

Kwa hiyo wanawake waliposhuka kwenye teksi na kuona hema, walianza hapo hapo barabarani. Mimi niko jikoni, nasikia mayowe. Nikakumbuka maneno ya Grace kwamba kwenye sapraizi watu hupiga kelele. Nikaona wamewahi mno. Nikatoa kichwa dirishani nikapaza sauti: "Bado, mama zangu! Mngojeni mwenyewe aingie, ndipo mpige kelele."

Kisha mayowe yakaongezeka.

Nilipotoka na sinia la pili niliwakuta wanaume chini ya hema, kofia mapajani, hakuna anayesema. Kwenye meza ya sambusa watu walikuwa wameweka pakiti za sukari na majani ya chai. Kiongozi wa kwaya alikuwa anatafuta sauti ya kuanzia, na sauti aliyokuwa anaitafuta haikuwa ya sherehe. Nikaenda mpaka getini nione kuna nini. Pale nikageuka, nikaitazama nyumba yangu kama mgeni anavyoiona.

Sijui niseme vipi. Ilikuwa nyumba ya kilio.

Nikarudi mbio, nikasimama katikati ya mikeka. "Mama zangu, nisikilizeni. Mama Veronika hajafa. Yuko saluni. Anasukwa."

Walinitazama wote. Mama Aksanti akatikisa kichwa polepole.

"Amechanganyikiwa," akasema. "Mumushike."

Walinishika. Mikono huku, mikono huku, nikakalishwa mkekani, aproni ikavuliwa, mmoja akanimwagia maji kichwani. "Lia, mutoto yangu. Usifunge ndani."

"Silii kwa sababu hajafa."

"Njo ukavu wake huo," mwingine akamwambia mwenzake, juu ya kichwa changu. (Kwetu "njo" ni "ndio".) "Hata kwa kilio ya baba mukwe hakulia."

"Sisi tulipofika alikuwa anaimba," akasema wa tatu. "Sambusa mukononi."

Nikawaomba wampigie Mama, wasikie sauti yake. Mtu akapiga. Haipatikani. Akaonyesha simu kwa wote, akafumba macho. "Haipatikani kwa sababu iko kwenye droo ya cherehani," nikasema. Wakaniongeza maji.

Na Grace? Grace nilimwagiza asubuhi arekodi tangu mgeni wa kwanza mpaka wa mwisho, na asiache hata iweje. Mtoto mtiifu. Alikuwa amesimama pembeni, simu juu, anatekeleza.

Ndipo mchungaji akafika. Hakulia, lakini sauti ilikuwa nzito. Akaenda kusimama kando ya picha, akaitazama kitambo, akageukia watu.

"Wapendwa, tazameni alipo dada yetu sasa. Tazameni nguzo hizi. Kuna mkono wa mwanadamu unaoweza kujenga nguzo kama hizi? Hapana. Hii, wapendwa, ni nyumba ya Baba."

"Amina," likajibu hema zima.

Mimi niko chini, maji yananitiririka shingoni, nashikwa na wanawake wanne, na najua nguzo zile ni za Farao. Sikusema kitu. (Ni mara moja tu leo niliyonyamaza kwa akili.)

Nilikuwa bado namtazama mchungaji, mara Didier akaingia na keki. Alikuwa ameifuata mjini. Keki ya meli, ghorofa tatu, madirisha ya chokoleti, mawimbi ya krimu ya buluu pembeni. Alikuwa anatabasamu nyuma yake. Mzee mmoja akamkumbatia ubavuni: "Jikaze, baba." Didier akaangalia mbele. Akaona picha. Akaona mishumaa. Akaniona mimi nimelowa, nimekamatwa. Akaelewa kwamba mama yake amefia Yeoville.

Keki ikamtoka mikononi. Meli ilizama pale pale mlangoni, na ghorofa zake zote. Kisha mume wangu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ya baba yake. Nilimwita, nikamwambia ni uongo, Mama mzima. Hakunisikia. Na wageni walipoona mtoto wa kiume wa nyumba analia vile, hata wale waliokuwa na shaka kidogo waliiweka kando.

Sasa Mama. (Haya amenisimulia Sifa baadaye.) Kule saluni, nusu ya kichwa imeshasukwa, nusu bado, aliingia mwanamke kununua nywele akasema kuna kilio Turffontein, nyuma ya uwanja wa farasi, hema limesimama na watu wanamiminika. Nani amekufa, hajui. Mama akainuka kitini.

"Njo kwa barabara yetu. Twende."

"Mama, hujamaliza kusukwa," Sifa akasema. Alijaribu kunipigia, simu yangu imezimika.

"Mufu hangojake nywele."

Akapita dukani akanunua sukari, maana huendi kwenye kilio mikono mitupu.

Basi akafika kwenye geti lake mwenyewe. Upande mmoja wa kichwa mistari imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama. Sukari kifuani. Na kwa kuwa mama mkwe wangu ni mtu wa adabu, hakuuliza mlangoni. Alianza kulia pale pale getini. Sifa alikuwa bado anamlipa dereva wa teksi, na wanaume chini ya hema walikuwa wamefumba macho, mchungaji anaomba. Mama akapita kando ya picha yake mkono mmoja kichwani, macho chini, akairuka keki bila kujua ni nini, akaingia sebuleni, akajitupa mkekani kando yangu. Akalia.

Alilia vizuri, siwezi kumnyima sifa yake. Alimwita marehemu "ndugu yangu". Alimwuliza amewaachia nani. Wanawake walikuwa wameinamisha vichwa, vitenge vimefunika nyuso, wakampokea kama walivyowapokea wengine. Mama Aksanti alijisogeza kumpa nafasi na kumpigapiga mgongoni bila kutazama. Nilimwita, mayowe yakaimeza sauti yangu. Niliweza kutazama tu. Mama mkwe wangu alikuwa amelala kwenye kilio chake mwenyewe, anafarijiwa na watu wanaomlilia yeye.

Akachoka. Akapangusa macho. Akamgeukia jirani, kama inavyotakiwa.

"Ni nani tunapoteza?"

"Mama Veronika," Mama Aksanti akasema, kichwa chini.

Mama akafikiri.

"Veronika gani?"

"Veronika wetu. Wa hapa kwa nyumba hii."

Halafu Mama Aksanti akainua macho.

Kinachofuata mtakiona kwenye video, mimi niseme kwa kifupi. Mama Aksanti, ambaye kwa miaka hajapanda ngazi bila kushikwa mkono, alitoka kwa dirisha. Kwaya ilikimbia na wimbo mdomoni, hawakuuacha, walienda nao mpaka barabarani. Mchungaji alikemea mara moja, kisha akaona bora akakemee akiwa nje. Njiani akajikwaa kwenye kamba, na hema likawashukia wazee.

Mama alibaki ameketi, sukari mapajani. Akanitazama mimi.

"Mama Grace. Njo nini hii?"

Nikamwambia. Yote, kwa pumzi moja: miaka sabini, meli, mto, mahekalu, siri, sapraizi. Alisikiliza bila kupepesa. Didier alikuwa ameshika miguu ya mama yake, anacheka na kulia pamoja. Kisha Mama akainuka, akatoka nje, mimi nikamfuata mpaka mlangoni, naye akasimama mbele ya picha. Watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wamebaki mbali kidogo. Akasoma jina lake. Akasoma mwaka wa kuzaliwa, kistari, na mwaka huu. Akavaa miwani akasoma tena.

"Kumbe nimeishakufa," akasema. "Na sikujisikia hata kidogo."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akawageukia.

"Nani alinililia?"

Mikono ikapanda. "Nililia, mama," mchungaji akasema, ingawa hakulia. Kutoka nyuma ya gari la jirani Mama Aksanti akajibu, "Miye nililia sana."

Ndipo akanigeukia. Na hapa, rafiki zangu, ndipo nilipoumbuka. Ua lilikuwa limejaa. Kanisa zima, majirani, wapita njia waliosimama getini. Simu ya Grace iko karibu na pua yangu.

"Na weye? Watu wote wananililia. Weye ulilia?"

Uso wangu ulikuwa umelowa maji waliyonimwagia. Ningeweza kudanganya. Lakini Mama Aksanti aliwahi. "Huyo hakulia. Tulimukuta na sambusa."

Sijui nini kilinipata. Miezi minne ya mamba na ngazi na mchungaji. Na kile kistari. Nilikuwa nimekitazama kistari kile nyuma ya bega lake, nikawaza kwamba siku moja kitaandikwa kwa kweli, na huyu mama atakwenda akiamini simpendi. Kikanipanda kifuani, kikatoka. Nililia. Na sikulia kwa heshima. Nilipiga magoti, yakazama kwenye keki. Nililia kwa pua na kwa kwikwi, na maneno yakatoka yenyewe, mbele ya watu wote: "Niliuliza mamba, Mama. Niliuliza mawimbi. Niliuliza ngazi kama zina vya kushikilia. Niliuliza kama wanapika ugali."

Hakuna aliyenishika safari hii. Walisimama wakanitazama, mtu mzima, fundi wa nguo zao, amepiga magoti kwenye krimu ya buluu anaulilia ugali.

Mama aliniacha nimalize. Nadhani alikuwa anapima. Kisha akaweka mkono kwenye kichwa changu kilicholowa.

"Basi," akasema. "Imetosha. Nimeona."

Didier ndiye aliyethubutu kuuliza lile ambalo mimi sikuweza. "Mama, lakini utaenda? Kwa meli?"

Mama akaitazama keki, akaitazama picha, akamtazama mchungaji.

"Mchungaji, ulisema hii njo nyumba ya Baba?"

Mchungaji akakohoa. Nadhani sasa alikuwa ameshaelewa nguzo zile ni za nani. "Nilisema, mama."

"Basi nitaenda niione. Na maji siyaogopi tena. Nimeishaliliwa. Meli ikizama, kazi yenu mulishamaliza." Akaninyooshea kidole. "Lakini na huyu. Tutalala chumba kimoja. Miye siwezi kukaa juu ya maji peke yangu."

Sambusa zimeliwa zote. Hema limesimamishwa tena, umeme umerudi, Sifa anamalizia upande wa pili wa kichwa cha Mama, na watu wanakunywa chai kwa sukari aliyoinunua mwenyewe kwa ajili ya kilio chake. Nasikia wanavyocheka. Mimi niko huku kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu: sijawahi kupanda chombo cha majini maisha yangu yote. Mipango yote ile niliifanya nikijua atakayepanda ni mtu mwingine. Yule dada wa wakala Jumatatu atanijua.

Mkiletewa video, nawaomba msicheke. Mkishindwa, chekeni mpaka pale keki inapoanguka, halafu zimeni. Yanayofuata ni yangu na mama mkwe wangu.

Mlango unagongwa. Ni yeye. Anauliza kama mto ule una mawimbi. Nimemwambia hauna. Anauliza kama nina uhakika.